Mistari Mitatu Chini ya Paa

Damu ilikuwa imepanda mpaka kwenye nyasi za paa. Bi Tisa aliiona alipolala chali sakafuni, palepale alipolala mwanawe Charity asubuhi ile, maana alitaka kujua mtoto wake aliona nini mwisho. Ukutani, karibu na sakafu, madoa yalikuwa manene, yametapakaa kama uji uliomwagwa kwa hasira. Lakini juu kule, kwenye miti inayoshika nyasi, matone madogo yalikuwa yamejipanga mistari. Mmoja, wa pili, wa tatu, kila tone limevuta mkia kuelekea mlangoni.

Jamani, mwanamke aliyetwanga maisha yake yote hahitaji kusomewa mistari ile. Weka majani mabichi ya muhogo kwenye kinu uone. Pigo la kwanza huyapasua tu, mchi ukatoka mkavu. La pili ndilo hurusha. Na mchi uliolowa, ukiuinua kwa nguvu, hutema nyuma, mgongo wako na paa la jiko vyote vikachafuka. Kule kambi ya wakimbizi Uganda, Tisa alimtegea Charity jambo hilo kama kitendawili, na mtoto alikuwa analijibu kabla halijaisha.

Sasa kinu kilibaki peke yake mlangoni. Mchi haukuwapo.

Lado, mkwe wake, alikwishasema kituoni kwamba mkewe aliteleza akaangukia jiwe la mlangoni. Alisema hivyo ameketi kwenye kiti, ameletewa maji, kwa sababu yeye ni dereva wa mkubwa mmoja ambaye jina lake mtaa mzima wa Hai Malakal hulitaja kwa sauti ya chini. Karatasi ya polisi ikisema Charity ameanguka, Lado atamchukua Betty, binti yao wa miaka mitatu. Ikisema amepigwa, Betty atabaki mgongoni kwa bibi yake. Ya Charity yalikwisha. Hilo tu ndilo lililobaki.

Semei, askari wa kituo, alikuja na Douglas, Mkenya aliyeajiriwa kuwafundisha askari kupiga picha na kusoma madoa ya damu. Douglas alipanda kiti, akapima, akapiga picha muda mrefu.

"Mama, hii si ya kuanguka," alisema akishuka. "Mistari ni mitatu, so alipigwa mara nne, si chini ya hapo. Ile ya kwanza huwa hairushi kitu."

"Najua," Tisa akasema. "Mimi natwanga."

Semei akacheka. Akamwuliza Douglas kibali chake cha kazi kinaisha lini. Ijumaa, Douglas akajibu. Semei akasema ni vizuri anakumbuka, akanyoosha mkono, na kadi ya kamera ikalala kwenye kiganja chake. Douglas alifuta viatu mlangoni mara mbili, akaondoka bila kumtazama Tisa.

Kisha Semei akafungua karatasi iliyokwisha andikwa kwamba Charity ameanguka, akasogeza kidau cha wino.

"Weka kidole, ya mama. Kalas, yatosha, tumalize," akasema, akichanganya Kiarabu cha mtaani.

"Hii damu iko juu, afande. Mutu naanguka kwenda juu?"

"Labda kuku wako aliikanyaga, akaruka."

Tisa hakugombana. Alikuwa amesikiliza Kiswahili cha askari huyu, Kiswahili cha kambini kama chake, cha mtoto aliyelelewa na mama anayetwanga.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," Semei akajibu, mdomo ukiitangulia akili.

"Nikimwinua, ananitemea mgongoni."

"Mchi."

Majirani waliojaa mlangoni walisikia wote. Kwa dakika moja uso wa Semei ulikuwa wa mtoto aliyeshinda wenzake, karibu acheke. Halafu akatazama paa. Halafu akawatazama majirani.

Rungu la Semei lilimpata Tisa juu ya sikio. Akagusa, vidole vikatoka vikavu. Pigo la kwanza. La pili likatua palepale, na la tatu, na kila lilipopanda alisikia matone yakiruka mbali naye. Hakuna jirani aliyevuka kizingiti. Semei alimshika kidole gumba akakikandamiza kwenye karatasi. Wino haukuhitajika.

Akaamuru paa liezuliwe, akisema ni bovu, litaangukia watu wa msiba. Vijana wa Lado waliliangusha kabla ya saa sita. Nyasi zilikuwa kavu, zikasukumwa chini ya birika la chai ya waombolezaji, zikashika moto mara moja. Lado alimpandisha Betty kwenye gari la mkubwa, Tisa amelazwa uani, hawezi kuinuka. Mtoto aliita bibi mpaka kioo kilipopandishwa.

Semei alibaki kunywa chai. Aliketi kwenye benchi, ameinama mbele, na mgongoni mwa shati lake la kazi, kutoka begani hadi mkandani, matone mekundu yalikuwa yamejipanga mstari. Wanawake waliokuwa wakigawa vikombe walipita nyuma yake mmoja mmoja, wakauona. Wa mwisho akamwuliza anataka sukari vijiko vingapi.