Sauti Kwenye Nguzo ya Ndama

Ng'ombe wa Mwandu hawakukubali kukamuliwa bila kelele zake. Kila alfajiri alisimama kwenye nguzo ya zizi la ndama, akaita, akawatukana kidogo, akacheka, nao wakaachia maziwa. Siku moja binti yake Flora akamrekodi kwa simu, kwa utani tu. "Njooni, wavivu nyie, njooni! Mnangoja nife?" Kisha kile kicheko chake. Basi, masika yale Mwandu akafa kweli, kwa kifua kilichomtesa muda mrefu, na ng'ombe wakagoma.

Mkewe, Nyanjige, akaitundika simu ile kwenye nguzo, ndani ya mfuko wa kitambaa, waya wa sola ukiichaji. Flora alikuwa ameitega iite asubuhi na jioni. Ikaita, maziwa yakashuka. Watu wa kijiji kile, nje kidogo ya Lagangabilili, walicheka mpaka wakachoka: mjane anakamulisha ng'ombe kwa marehemu! Hawakujua kwamba kila alfajiri Nyanjige aliwahi zizini kabla simu haijaita, asije akakosa hata neno moja.

Kisha akazaliwa ndama jike, mwekundu, mtoto wa yule ng'ombe ambaye Mwandu alimsubiri azae mpaka pumzi ikamwishia. Ndama huyu tangu siku za mwanzo alikuwa na yake. Wenzake wakirukaruka, yeye yuko nguzoni, shingo kaielekeza kwenye simu. Mama yake akilia, hageuki. Ananyonya kidogo, anaacha, anarudi nguzoni. Mbavu zikaanza kuonekana.

"Ni mionzi hiyo, shemeji," alisema Maduhu, mdogo wa marehemu. "Redioni walisema. Wanyama wachanga ubongo bado laini, simu inawaharibu tabia."

"Mbona wengine wazima?"

"Wale simu iliwakuta wameshakua. Huyu kazaliwa chini yake."

Nyanjige akaihamishia simu ndani ya nyumba, pamoja na waya wake. Ndama akaja kusimama mlangoni, akagoma kuondoka. Ndipo Nyanjige akamwita bwana mifugo, Constantine, kijana aliyekuja na pikipiki yake.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma kama anavyomwamkia mama yake, akampima ndama joto, akamfungua mdomo, akamwangalia macho. Ugonjwa hakuuona.

"Nisikudanganye, mayu. Wapo waliojaribu mambo ya mionzi kwa panya wachanga na vifaranga. Wengine wanasema tabia zilibadilika, wengine wanasema hapana. Kwa ndama, mimi sijui. Lakini izime simu wiki moja tuone. Kuizima si hasara."

Si hasara! Nyanjige aliitazama simu. Fundi wa simu pale Bariadi alishamwonya: kioo kimekufa, kitufe cha kuwashia kimekufa, kuitoa sauti iliyomo ameshindwa. Simu hii isizimike, mama, ikizimika ndiyo basi.

Alimtazama ndama, mbavu nje kama tenga. Mwandu angekuwepo asingeuliza mara mbili. Angeuza hata koti lake la kanisani kwa ajili ya ndama huyu. Nyanjige akampenda mumewe kwa hilo, na papo hapo akamkasirikia. Akachomoa waya wa sola, chaji iishe yenyewe.

Mchana kutwa hakwenda popote. Jioni simu ikaita, kwa sauti iliyolegea. "Njooni, wavivu nyie, njooni! Mnangoja ni—" Ikakatika. Nyanjige akaishika kwa mikono miwili, akaitikisa, akaipuliza, akaichomeka tena kwenye waya. Haikutoa hata mlio. Akairudisha kwenye mfuko wake pale nguzoni. Alilia kuliko alivyolia msibani, maana msibani kulikuwa na watu wa kumshika.

Wiki haikuisha, ndama akarudi kwa mama yake. Akanyonya mpaka povu likamjaa mdomoni, akanenepa, akaanza kukimbizana na wenzake.

"Si nilisema mionzi?" Maduhu alitamba.

Huenda ni mionzi. Huenda ni sauti tu. Nyanjige hakutaka kujua. Kilichomuuma ni kwamba ndama alipita mbio pale nguzoni na wala hakugeuza shingo. Wiki moja tu, keshamsahau Mwandu! Siku hiyo alimchukia ndama yule kabisa, na jioni akamkatia majani laini kwa kuona aibu.

Asubuhi moja Maduhu alikuja kumsaidia kukamua. Akamkuta shemeji yake amesimama nguzoni, ndoo tupu mkononi, shingo kaielekeza kwenye mfuko wa kitambaa. Ng'ombe walikuwa wakilia nyuma yake, naye hageuki.

"Shemeji," Maduhu aliita taratibu, "simu si ilishakufa? Unangoja nini hapo?"

"Hajacheka," Nyanjige alisema. "Ilikatika kabla hajacheka."