Suti ya Bwana Sawa

Wateja walimwita Bwana Sawa, maana hilo ndilo neno pekee alilolitoa bila kubembelezwa. Punguza kiuno, fundi. Sawa. Nitaipitia kesho. Sawa. Miaka thelathini na minne alikaa nyuma ya cherehani ileile, jioni akifunga duka na kurudi moja kwa moja kwa mkewe, hata wambea wa mtaa wakamkatia tamaa. Sasa alikuwa amelala mochwari. Binti yake, aliyefundishwa kazi naye na kuihamishia cherehani nyumbani baba alipougua, alikuwa na saa tatu tu za kupunguza suti ya kumzikia.

Suti yenyewe mzee aliishona mwenyewe kwa ajili ya harusi ya huyo binti, enzi kifua chake kikijaza mlango. Ugonjwa ulikuwa umemla akabaki mifupa mitupu.

"Usimwache baba yako apwaye humo mbele za watu," mama alisema, akiitoa kabatini. Kisha akarudia lile lililomshikilia asianguke tangu msiba ulipoingia: "Angalau hakujua. Amekufa akiamini atapona."

Binti akaipokea suti. Ni yeye aliyeambiwa na daktari, miezi minne nyuma, kwamba hakuna la kufanya tena, na ni yeye na mama waliokula kiapo kumficha mzee. Kila asubuhi alimwambia, "Vidonda vya tumbo tu hivyo, baba, vitapona." Mzee akajibu, "Sawa." Uongo huo ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kumdanganya mtu ambaye hakuwahi kumdanganya hata mteja msumbufu! Alitaka kujua jambo moja tu, na wa kumwuliza hakuwepo: je, alimpeleka baba yake kaburini kama mtoto asiyeambiwa anakokwenda?

Akafunga mlango wa chumba cha kushonea, akageuza koti ndani nje, akachukua wembe afumue. Baba alikuwa na kanuni yake: kila mshono aliuachia vidole viwili vya kitambaa kwa ndani, mteja apende asipende. "Mtu hunenepa," alisema, na kwa Bwana Sawa hiyo ilikuwa hotuba nzima. Binti akapapasa ubavuni akikitafuta kitambaa hicho. Hakikuwepo.

Akasogea dirishani. Mshono ulikuwa mpya, wa mkono, pande zote mbili. Kiuno cha suruali vilevile. Akatoa karatasi aliyoandikia vipimo vya mwili kule mochwari, akapima. Kifua kilikubali. Kiuno kilikubali. Hata unene ambao angeupoteza mwishoni, baba alikuwa ameshaukisia. Ziada yote ilikatwa kwa mkasi, karibu kabisa na uzi, kazi ya fundi anayejua kwamba nguo hii haitaongezwa tena.

Hapo akakumbuka. Wiki tatu zilizopita baba alimwita kitandani, akamnyooshea sindano na uzi mweusi.

"Nitilie. Macho hayalioni tundu."

Akatia, tena kwa furaha, na kumtania: "Umepona wewe, mzee! Unataka kuninyang'anya wateja!"

Baba alimtazama kwa muda mrefu. "Sawa," akasema, kisha akaomba aachwe alale.

Alijua. Alijua, na akawaachia uongo wao kwa kuwa aliona wanauhitaji. Wangeweza kulia pamoja, wote watatu, miezi minne mizima. Binti akauma mkono wa koti ili kilio kisitoke nje.

Mama akagonga mlango. "Mbona siisikii cherehani? Haikubali?"

Binti akafungua kinywa amwambie. Akamsikia mama kule nje akinong'ona peke yake, "Angalau hakujua, baba wa watu."

"Inakubali, mama," akasema. "Naanza sasa."

Akaikunja suti vizuri, akaiweka pembeni. Kisha akautoa uzi kwenye sindano ya cherehani, akakanyaga, na cherehani ikalia bila kitambaa chochote chini yake, kwa muda uleule ambao kupunguza koti na suruali kungechukua.