Pipa Juu ya Ukuta Usiokuwapo

Haya yote ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata punje moja. Mtu aliyestaafu hana sababu ya kudanganya, maana hana bosi wa kumdanganya, na mke wangu aliacha kuniamini zamani.

Mtaani kwetu kuna nyumba ya ghorofa moja, ya zamani, kuta nene za matofali, na sakafu ya juu ni ya mbao. Humo juu anaishi mama mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita Shangazi, ingawa kwa damu ni shangazi wa mtu mmoja tu: binti wa kaka yake, ambaye Shangazi alimlea mwenyewe, akamsomesha mpaka akawa mhandisi wa majengo. Sasa magoti ya Shangazi yalikuwa yamegoma. Ngazi ziko nje, nyuma ya nyumba, na kila akizishuka ungedhani amebebeshwa kabati. Mhandisi akasema imetosha. Chini kulikuwa na vyumba viwili vya kubanana. Ukuta wa kati uondoke, kipatikane chumba kimoja kikubwa chenye choo na jiko, Shangazi ahamie huko na ngazi azisahau.

Michoro aliichora mwenyewe, kazi akaisimamia mwenyewe. Alijua vizuri kwamba ukuta ule wa kati ndio uliobeba sakafu ya juu. Ukiutoa, lazima pawekwe mhimili wa chuma mahali pake, ncha zake zikae ndani ya kuta za pembeni. Mpaka chuma kikae, sakafu inashikiliwa na mirunda, yaani miti minene iliyosimamishwa safu mbili, huku na huku, na kukazwa kwa kabari za mbao. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwenye nyumba za watu wengine hadi akaizoea. Lakini nyumba ya mtu mwingine haina Shangazi.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, fundi mkuu na vibarua wake waliubomoa ukuta. Fundi mkuu huyo wanamwita Zege, kwa kuwa akishakaa mahali hang'oki. Mchana chuma kikaletwa. Wakakinyanyua kwa pamoja, wakakipandisha hadi chini ya sakafu, na kikapita katikati ya kuta mbili bila kugusa hata rangi. Zege akatazama ncha moja, akatazama nyingine, akajifuta uso.

"Mhandisi," akasema, "hiki chuma kitakalia nini? Heshima yako?"

Vibarua wakacheka hadi wakakaribia kukiangusha. Mhandisi hakucheka. Alipokuwa akimpigia simu fundi wa kuchomelea, alimpa kipimo cha kutoka ukuta hadi ukuta, basi. Ile sehemu ya kuingia ndani ya kuta, kule chuma kinakolala na kupokea mzigo, hakuitaja. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Chuma kikapakiwa tena kwenye mkokoteni kirudi kuongezwa urefu, na fundi wa kuchomelea akasema kwa simu kwamba atajitahidi, neno ambalo kila aliyewahi kujenga anaujua uzito wake.

Hapo mhandisi bado hakuwa na hofu, alikuwa na aibu tu. Mirunda ilikuwa imesimama wima. Ila kwa kuwa moyo wake haukutulia, alichukua mpira wa maji, ule mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ambao mafundi huutumia kupimia usawa. Ncha moja akaifunga kwenye ukuta wa nje, ambao hauendi popote. Ncha nyingine akaifunga kwenye boriti ya katikati ya dari, juu ya pengo. Akamimina maji mpaka yakasimama, kisha akachora mstari wa penseli kwenye boriti, sawasawa na uso wa maji. Maji hayajui kubembeleza mtu. Boriti ikishuka, mstari utashuka nayo, na maji yatabaki pale pale.

Akaenda kunywa chai. Aliporudi, mstari ulikuwa chini ya maji.

Akafikiri amechora vibaya. Akausugua kwa kidole, akachora mwingine, akasimama akiukodolea macho. Kikombe kilikuwa bado mkononi. Kabla chai haijapoa, mstari mpya nao ulikuwa umezama, upana wa unywele, lakini umezama. Akapiga magoti chini ya mrunda wa katikati na kuona ubao uliowekwa chini yake umebonyea sakafuni kama kidole kwenye unga uliokandwa. Chini ya saruji ile nyembamba palikuwa na udongo laini. Lakini hilo lilikuwapo tangu asubuhi, na asubuhi mirunda haikuzama. Kuna kitu kilikuwa kinaongezeka uzito huko juu. Polepole, bila kelele.

Alitoka mbio hadi barabarani akasimama chini ya dirisha la Shangazi.

"Shangazi! Unafanya nini huko?"

Shangazi akasogeza uso kwenye nondo za dirisha lililo juu ya kitanda chake. Akasema amekaa kitandani, yuko salama, ila vumbi lao litamuua kabla ya magoti. Na wamshukuru, maana maji ya bomba yametoka leo baada ya siku nyingi, na yeye amefungulia pipa, lile kubwa, linakaribia kujaa.

"Pipa liko wapi?"

"Si hapa katikati? Chumba cha nyuma wamepaka rangi, wakanihamishia kila kitu huku. Pipa, kabati, friji, na hii mashine ya kushonea. Nimebanwa kama nguo sandukuni."

Wapaka rangi aliwaleta mhandisi mwenyewe. Na yeye ndiye aliyewaambia wasogeze vitu chumba cha mbele, siku ile ukuta ulipokuwa bado umesimama, akasahau. Alikimbilia kwenye mita ya maji na kufunga koki kuu kwa mikono miwili mpaka kiganja kikachubuka. Akarudi dirishani. Akasikia kitanda kikilia; Shangazi alikuwa ameanza kuteremsha mguu.

"Shangazi, usishuke kitandani."

"Nataka kuona kwa nini maji yamekata."

"Usishuke. Nakuomba."

Shangazi akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeongea na mtoto aliyeamka na ndoto mbaya: "Hiyo sauti uliitumia siku ulipoangusha kabati la vyombo. Umevunja nini, mwanangu?"

Hakumficha. Alimweleza kwamba sakafu ya katikati imebebwa na miti, na miti inazama. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni lazima apite pale pale katikati. Dirishani kuna nondo. Hakuna kwa kutokea. Shangazi akarudisha mguu wake kitandani taratibu, kama anayeweka yai, akavuta shuka juu ya magoti. Akauliza kama ni bora asipumue.

Ndani, Zege alitaka kugonga kabari ili kuuinua mrunda. Mhandisi akamzuia. Mti uliokwisha kuanza kuzama ukiugonga unaweza kuteleza, na ukiteleza mmoja, wenzake hawatangoja kuambiwa. Akaamuru vibarua walete vipande vyote vya mbao vilivyopo, wavipange kwa kupishana, viwili huku viwili kule, ujengwe mnara mpana kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, uzito usambae. Itachukua muda. Akatazama mpira. Mstari ulikuwa umezama tena. Muda ndicho kitu ambacho hawakuwa nacho, maadamu pipa limejaa.

Pipa litolewe maji. Nani aende? Yeyote atakayepita mlangoni anaongeza uzito wake. Shangazi mwenyewe analifikia pipa kwa mkono akilala upande wa miguu wa kitanda, lakini akichota kwa kopo atamwaga sakafuni, na mbao zikilowa ni janga jingine. Kilichohitajika ni mpira mwembamba, wa kuingia pipani na kutokea dirishani, uvutwe kwa mdomo mpaka maji yaanze kujiendea yenyewe.

Na mpira ulikuwapo mmoja tu pale kazini. Ndio uliokuwa unamwonyesha kama nyumba inashuka.

Mhandisi akasimama mbele ya mpira ule. Zege akaelewa kabla hajasema, akatikisa kichwa. "Ukiutoa huo, tutajuaje?"

"Hatutajua."

Aliifungua ncha ya boriti. Fundo dogo la kamba lilimshinda, akalikata kwa meno. Maji yakamwagika mguuni pake, na pamoja nayo jicho lake la pekee. Akatoka na mpira begani, akapanda juu ya pipa la mchanga lililokuwa chini ya dirisha, na kuupenyeza kwa ncha ya ufito kati ya nondo. Shangazi akaupokea, akaukagua, akauliza kama umeoshwa.

Kisha Shangazi akajilaza kitandani na kuzamisha ncha moja pipani, akarudi dirishani, akatia ncha nyingine mdomoni, akavuta mara moja tu, pumzi moja, na maji yakaruka nje kwa nguvu ya bomba la zimamoto. Yalivuka barabara. Yaliosha gari la watu lililokuwa halijaoshwa tangu linunuliwe.

Mhandisi hakuyaona hayo. Alikuwa amerudi ndani, kwa kuwa hakuweza kuwaacha vibarua peke yao chini ya kosa lake. Sasa hakuwa na kipimo chochote ila masikio. Mbao zilikuwa zinalia juu yake, mlio mdogo mkavu, kisha kimya, na kimya kilikuwa kibaya zaidi. Vumbi lilianguka kwenye shingo yake. Kila lilipoanguka alifumba macho. Vibarua walipanga mbao wakipokezana, na mnara ulikuwa kiunoni tu. Akajaribu kukadiria maji yaliyotoka, akashindwa kukumbuka hata jinsi ya kuzidisha. Aliwaza mambo ya kijinga. Aliwaza kwamba Shangazi hakula mchana.

Ndipo mrunda wa katikati ukaanza kulala. Taratibu, kama mlevi anayetafuta ukuta. Zege akapiga kelele watoke. Vibarua wakatoka. Mhandisi hakutoka, kwa kuwa juu yake, ubao mmoja tu juu yake, alisikia kitanda cha Shangazi kikilia.

Na katika dakika hiyo, jirani wa ng'ambo ya barabara, mzee mmoja mstaafu, mtu wa maneno machache lakini mwenye mgongo kama nguzo ya daraja, akaingia bila kuitwa. Akavua koti, akalikunja vizuri. Akaupa mrunda ule bega lake la kulia, akasema, "Endeleeni na kazi, wanangu," na akausimamisha wima. Akasimama hivyo, nyumba nzima begani, mpaka pipa likakauka na mnara wa mbao ukagusa boriti. Hata jasho hakutoa.

Baadaye Zege alipanda ngazi, akatambaa kufuata ukuta, akambeba Shangazi mgongoni hadi chini. Shangazi akatua barabarani na shuka lake, akamtazama binti yake usoni, kisha akamfuta vumbi shingoni kwa ncha ya shuka.

Hivyo ndivyo nilivyokisimulia kisa hiki kwenye kibanda cha chai, neno kwa neno, na mtu mmoja hata akaniuliza kama bega bado linauma. Nikasema linauma kukiwa na baridi. Hapo nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Mhandisi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Mzee wangu," akasema, kwa adabu yote, "wewe ulikuwa ng'ambo, chini ya kivuli cha duka la dawa. Ulikuwa unapiga kelele kwamba sote tutakufa."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Nikamwambia kupiga kelele nako ni msaada. Mhandisi hakucheka nao. Akaendelea kwamba Shangazi hakuvuta pumzi moja. Alivuta na kuvuta, akapaliwa, akatapika kwenye shuka, akavuta tena, na maji yalitoka kama uzi, taratibu hivi kwamba yeye, ndani, alidhani Shangazi ameshindwa na hataki kusema.

Kicheko kikaisha chenyewe. Muuza chai akauliza, basi ule mti ulioanza kulala ulishikwa na nani?

"Na hakuna mtu."

"Sasa ulisimamaje?"

Swali hilo aliulizwa mhandisi. Mtu ambaye kazi yake yote ni kujua kwa nini vitu havianguki.

"Sijui," akasema. "Ulilala mpaka pale, ukaacha. Nimepiga hesabu kila namna. Ulipaswa kuanguka."

Nami nikaona nilipe kabla sijatozwa faini ya uongo. Nikamwambia muuza chai awape wote waliomo, vikombe vikubwa, na maandazi, na mhandisi apewe wa kwanza. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akatazama dari la kibanda, kisha akaenda kukinywea nje.