Siku Sita Nisizopumzika

Sisi wa siku tatu kwa wiki, pale kiwanda cha kufulia, tulijua kwamba sikukuu za umma ni za wenzetu wa wiki nzima. Nani alituambia? Hakuna. Tulijikalia tu na imani hiyo miaka yote, kwa sababu sikukuu nyingi zilikuwa zinaangukia Jumatatu au Ijumaa, siku ambazo hatuji. Ikiangukia siku yetu tunaitwa, maana hospitali tunayoifulia haiachi kuchafua mashuka.

Mimi ni mpiga pasi. Jumanne, Jumatano na Alhamisi nasimama kwenye mashine ya kunyoosha mashuka, mvuke unanipanda usoni, mikono haikauki mpaka saa kumi. Karatasi sishiki, kwa sababu ukiishika kwa vidole vilivyolowa wanga wa kunyooshea mashuka inageuka uji. Aliyekuwa ananishikia karatasi zangu ni mpanga zamu, tuliyemwita Kalenda kwa vile hakuna tarehe aliyoisahau. Tulianza kazi siku moja, tukagawana kabati moja la nguo. Wanangu wanamwita mama mdogo. Mama yangu alikuwa akimwombea dua kwa jina kabla hajaniombea mimi, nami sikuona wivu.

Sahihi yangu nilimfundisha mwenyewe, kwenye boksi tupu la wanga. Ina kitanzi mwanzoni na mkia mrefu. Alijaribu mara nne tukicheka, ya nne ikatoka nzuri kuliko ya kwangu. Tangu hapo kila karatasi yenye jina langu akawa anaitia sahihi yeye, hata mkataba ulipokuwa unafanywa upya. Nikiuliza ni ya nini, ananijibu, "Mambo ya mahudhurio tu, endelea na mashuka yako." Nami naendelea na mashuka yangu. Kama unataka kunicheka, nicheke hapo.

Mwaka huu mama alipata nafasi ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Jicho moja lilishazima, lililobaki lilikuwa linaona ukungu. Hospitali ilisema aje na mtu wa kumshika mkono na kumtia dawa siku tatu, Jumanne mpaka Alhamisi. Akikosa, anarudi mwisho wa foleni, na foleni ni ya mwaka na zaidi. Kwa mama mimi ndiye kifungua mimba na mimi ndiye kitinda mimba, hakuna mwingine wa kumwachia. Na likizo yangu ya mwaka niliimaliza mwanangu alipovunjika mguu.

Ndipo karani mpya, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, akabandika tangazo karibu na bomba la kunawia. Lilisema wazi: mfanyakazi wa siku chache ana fungu lake la sikukuu za umma kulingana na siku anazofanya kazi, hata sikukuu ikiangukia siku ambayo haji. Kwa sisi wa siku tatu, fungu hilo ni siku sita kwa mwaka, na mtu anazichukua anapotaka akielewana na mpanga zamu. Nililisoma mara mbili. Kisha nikaenda ofisini na aproni yangu ikichuruzika maji, nikicheka peke yangu njiani.

Karani alifungua faili langu, akavaa miwani. "Lakini dada, zako umeshazichukua. Zote sita."

"Mimi?"

Aliligeuza faili nione. Fomu sita za kuomba mapumziko, kila moja na tarehe yake. Tarehe mojawapo niliikumbuka vizuri, maana siku hiyo niliungua kiwiko kwenye mashine na kovu ninalo. Eti nilikuwa nimepumzika. Chini ya kila fomu kulikuwa na kitanzi na mkia mrefu.

Nilijua pale pale. Nilijua kabla sijataka kujua.

Nilimkuta Kalenda chumba cha kubadilishia nguo, anakula. Nikamuuliza, "Mimi nilipumzika lini?"

Hakuuliza ninazungumzia nini. Aliweka kijiko chini. "Mwenzangu, kila mmoja wenu angedai siku zake ratiba ingejaa mapengo. Meneja aliniahidi, ratiba ikienda bila pengo nitakuwa msimamizi."

"Na umekuwa." Siku aliyopewa cheo nilipiga vigelegele mpaka nikakohoa.

"Nimekuwa. Ndiyo maana niliwanyamazia wote habari ya siku hizo. Lakini karani wa zamani akasema wakaguzi watashangaa wakikuta hakuna hata mmoja wa siku tatu aliyepumzika. Ikabidi nijaze fomu za mtu mmoja."

"Kwa nini mimi?"

"Wengine wangeuliza. Wewe unaniamini."

Alisema hivyo kama mtu anayenisifu. Afadhali angenipiga kofi. Nikamwambia habari ya jicho la mama, ambayo aliijua, nikamwomba tuende kwa karani aseme ukweli. Ndiyo, niliomba mimi, niliyeibiwa.

"Nikisema nafukuzwa," akajibu. "Mama atapangiwa siku nyingine. Mimi sitapata kazi nyingine."

Nikaenda mwenyewe. Karani, nimpe haki yake, alituita wote wawili. Aliniuliza kama sahihi zile ni zangu, nikasema hapana. Akanipa kalamu na karatasi tupu. Mkono ambao haukuwa umetia sahihi miaka yote ile ulichora kitanzi kilichopinda na mkia mfupi. Karani akalinganisha na fomu, akalinganisha na mkataba. Zote zilifanana, isipokuwa yangu.

"Na wewe unasemaje?" akamuuliza Kalenda.

Kalenda alikuwa anatazama dirishani. "Ni sahihi yake. Ana mawazo ya mgonjwa, labda amesahau."

Nilimsubiri anitazame walau mara moja. Hakunitazama. Karani alifunga faili polepole, naona alinihurumia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba asiyeonekana siku tatu mfululizo bila ruhusa anahesabiwa amejiachisha kazi mwenyewe.

Jumanne alfajiri nilimshika mama mkono tukaenda hospitali.

Alhamisi walimfungua bendeji. Alinitazama kwa muda, akasema nimekonda, akasema nisuke nywele. Akawasifu wauguzi, akausifu ukuta kwa rangi yake. Kisha akataka simu. "Nipigie yule mwanangu mwingine wa kazini kwako nimshukuru. Bila yeye kukushikia zamu, leo ningekuwa gizani."

Sikuweza kumwambia. Jicho lilikuwa na saa moja tu tangu lianze kuona, na daktari alishasema asilie.

"Hatapokea, mama," nikamwambia. "Saa hizi yuko kazini."

Hilo halikuwa uongo. Asiye na kazi nilikuwa mimi.