Mtoto wa Jirani

Kule machimboni nyuma ya Beu, neno "mvua" lilikuwa na maana mbili, na ndilo lililomponza Masika, mmoja wa akina mama wanaoponda mawe. Mwenzake Eliane, mwenye mdomo usiopumzika, akipaaza sauti "Mvua!", watoto wote hutupa nyundo na kutoweka migombani: maana yake bureau, ile ofisi ya watoto, imekuja kuangalia kama kuna watoto wanaoponda mawe. Lakini asubuhi ile wingu lilikuwa limejaa kweli, jeusi tii. Eliane alipopaaza sauti, watoto wengine wakakimbia kujificha. Sifa, bintiye Masika, miaka tisa, akadhani ni mvua ya kweli, akakimbilia turubai awafunike akina mama.

Ndivyo Madame Delphine, wa ofisi ya watoto, alivyomkuta, vumbi jeupe hadi kwenye kope.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

Nyundo zikanyamaza. Kando ya pipa alisimama Luc, kapita, msimamizi wa machimbo. Sheria yake kila mtu aliijua: mama atakayekamatwa na mtoto, anafukuzwa. Pipa nalo lilikuwa lake. Lazima lijae kokoto kabla ya saa sita, na mikono ya akina mama peke yao haijawahi kulijaza. Hilo Luc alilijua pia.

"Haiko wangu," Masika alisema. "Ni wa jirani."

Delphine akainama. "Mama yako iko wapi, chérie?"

Sifa akamtazama Masika, kidogo tu.

"Alikufaka."

Eliane, aliyekuwapo Sifa akizaliwa, akakohoa. "Maskini," alisema.

"Donc ni wewe unamulisha?" Delphine alimgeukia Masika, sauti imelainika. "Mungu akubariki, mama. Kuko bantu habana haya, banaleta hapa batoto bale balizaa bo benyewe!"

Masika akaitikia. Akasema hata "aksanti." Akainama kutafuta nyundo iliyokuwa mkononi mwake.

Delphine akaandika "yatima," pikipiki yake ikateremka kilima. Mvua haikunyesha. Watoto wakatoka migombani mmoja mmoja, kila mmoja kwa mama yake, na Luc akawa anatazama mawingu mpaka wote walipokaa. Kisha akalipiga pipa teke.

"Mais bamama, tunalala? Iko nusu!"

Sifa akavuta rundo lake.

"Sifa," Masika alinong'ona, "kile nilisema pale..."

"Nipige mawe kubwa ao ndogo, tantine?"

Shangazi, si mama; na hakuna aliyekuwa akiwasikiliza tena. Masika alifungua mdomo, akaliangalia pipa.

"Ndogo," alisema.