Gari Lisilo na Kiti cha Bosi

Tulilisukuma kutoka barabara kuu mpaka getini kwetu, mimi, fundi na wapita njia wawili waliokuwa wakicheka, huku baba amekaa kwenye usukani, mgongo umenyooka, kana kwamba gari linakimbia. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, limeinama mbele kama paka anayevizia. Tulipofika kwenye kona akawasha taa ya kukata kulia, ingawa nyuma yetu hapakuwa na mtu. Mteja mmoja wa duka la jirani akapaza sauti, "Mzee, hilo linakunywa mafuta au jasho?" Baba akampungia mkono. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Baba alikuwa dereva wa wakubwa maisha yake yote. Aliwafungulia milango, akawabebea mikoba, akawasubiri nje ya vikao vyao huku kivuli cha ukuta kikimkimbia. Mara moja tu, nikiwa bado shuleni, mkurugenzi wake alimtuma akachukue gari la spoti alilomwagizia mwanawe. Alilileta peke yake, na akapita njia ndefu. Hilo hatukulijua mpaka siku aliyostaafu, mama akiwa ameshatangulia. Alikaa sebuleni na soksi zake za kazini, akatuambia kwa aibu, kama kijana anayetaka kuoa:

"Na mimi nataka gari langu. Lisilo na kiti cha bosi nyuma."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kaka yangu hakucheka. Alikuwa ameshaanza kutafuta kwenye simu.

Huyo kaka, kifungua mimba, nyumbani tulimwita Bosi. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa mapenzi, alipokuwa mtoto wa kulilia kila kitu. Alipokua akapata ofisi yenye mlango wa kioo, na jina likamkaa kama suti ya kushonesha.

Kwenye yadi kulikuwa na magari mawili ya kumfaa baba. La kwanza lilikuwa hilo jekundu. Lilikuwa limetembea kilomita chache sana. Mwenye gari alikuwa amelifungia gerejini kwa miaka, na muuzaji, rafiki wa Bosi, alituambia waziwazi kwamba ukitoka nalo getini, uzuri wake ni wako na ugonjwa wake ni wako. La pili lilikuwa la kijivu, rangi imechunika karibu na kioo cha pembeni, limetembea hasa. Lakini lilikuwa na dhamana ya miaka miwili: likiharibika, wanakuja kulichukua na kulitengeneza wenyewe.

Baba aliyazunguka yote mawili bila haraka. Kisha akaweka kiganja juu ya lile la kijivu.

"Nachukua hili."

"Baba! Hili si limeshazunguka dunia?" Bosi alisema.

"Hata mimi nimezunguka. Lakini hili lina wenyewe, mwanangu. Likinigomea njiani, nina mtu wa kumpigia simu."

Bosi akamshika bega. "Utanipigia mimi. Dhamana yako ni mimi hapa."

"Kaka, mwache achague," nikasema. "Ni kiinua mgongo chake."

"Wewe mdogo wangu jua dawa zako." Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la dawa, na hakuwahi kukosa nafasi ya kunikumbusha. "Gari la kilomita chache halishuki bei. Hata miaka kumi ijayo litauzika vizuri tu."

Miaka kumi ijayo. Baba alikuwa anakaribia sabini. Nilimtazama kaka yangu akilipapasa boneti lile jekundu, nikaelewa ni nani anayechaguliwa gari pale. Sijui kama baba naye alielewa. Alimtazama mwanawe jinsi alivyozoea kuwatazama wakubwa waliobadilisha safari katikati ya njia, akatoa kiganja chake kwenye lile la kijivu.

"Sawa, Bosi," akasema.

Siwezi kusema hakufurahi. Wiki zile za mwanzo alinipeleka kazini kila asubuhi, akinizungusha mitaa isiyotuhusu, na kwenye taa nyekundu alikuwa akikanyaga mafuta kidogo ili tu lingurume. Kisha siku moja, katikati ya barabara kuu, lilikohoa, likanyamaza. Fundi alilala chini yake muda mrefu. Alipotoka alisema gari lilikaa sana bila kutembezwa: mipira ya ndani imekauka na kupasuka, mafuta ya injini yamevuja yote, injini imekwama, haiwaki tena. Vipuri vyake havipo madukani. Vya kuagiza, alisema, heri uagize gari jingine.

Baba akampigia Bosi. Alikuwa kwenye kikao. Akapiga tena jioni. Simu iliita mpaka ikachoka. Ikaja meseji: *Nitakutafuta, mzee.* Siku zikapita, baba akikaa barazani simu ikiwa juu ya paja, na kila nilipomtazama alisema, "Mwenzako ana majukumu." Mwisho nikampigia mwenyewe, kwa simu ya kazini ambayo namba yake hakuijua.

"Kwani mimi ni fundi?" aliniuliza.

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Jibu lile sikumfikishia baba. Nilikaa nalo kama kidonge kilichokwama kooni.

Alikuja baada ya miezi, bila taarifa, ameongozana na mwenzake wa ofisini. Walimkuta baba analiosha gari. Aliliosha kila asubuhi, mpaka chini ya tairi, ambako nyasi zilikuwa zimeanza kuota.

"Ndilo hili nililokwambia," Bosi alimwambia mgeni, "nililomtafutia mzee wangu. Baba, liwashe asikie."

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Baba alikikamua kitambaa chake mkamuo mmoja mrefu, akakitandika juu ya kioo.

"Ndiyo kwanza limepumzika," akasema. "Leo nimekwenda nalo mbali. Kile kilima chote, halikutetereka."

"Halijakusumbua?"

"Hata siku moja."

Bosi akanigeukia akitabasamu. "Unaona? Na wewe ulishupalia lile kuukuu."

Nilifungua mdomo. Baba akanitazama. Hakuwa ananikaripia, alikuwa ananiomba. Katika maisha yangu baba hakuwahi kuniomba kitu.

Nikawamiminia chai.

Walipoondoka, baba alifungua mlango wa gari, akakaa, akaufunga taratibu. Niliokota vikombe. Kupitia dirishani aliniambia:

"Amenenepa kidogo kaka yako, au?"

"Amenenepa, baba."

"Kazi imemkubali," akasema, akatazama mbele, ukutani.