Kaa Namba Sitini na Moja

Kache wa Port Reitz alikuwa na siri mbili, na zote mbili zilikuwa ndani ya tope. Ya kwanza ni shimo la kaa alilorithi kwa mamake, ambalo hata marehemu mumewe alikufa hajalijua. Wavua kaa wa upande ule ndivyo walivyo: shimo zuri hupewa mtoto mmoja, kwa mdomo, na anayelionyesha kwa jirani huitwa mpumbavu mpaka anazikwa. Siri ya pili ilikuwa na umri wa miezi minane tu, nayo ilihusu rangi ya kucha.

Mambo yalianza mwaka wa themanini na tisa, Jaffar alipokuja na daftari lake. Jaffar alikuwa kijana wa Kibokoni aliyesomea viumbe vya baharini chuo kikuu, mpole, mwenye miwani iliyomteleza puani kila alipoinama. Alikuwa amepewa fedha za mwaka mmoja na Mfuko wa Mikoko, shirika la Nairobi, achunguze kaa koko wanaishije na wanakwenda wapi. Kazi yenyewe haikuwa na ugumu. Unamshika kaa, unamwandika namba mgongoni kwa rangi ya kucha, unaitia namba daftarini, unamwachilia. Akionekana tena, unaandika alipoonekana. Jaffar alijichukulia Mtongwe, ng'ambo ya mkondo, na rangi nyeupe. Upande huu alimpa Kache, akamuuliza angependa rangi gani.

"Nyekundu, mwanangu," Kache akajibu, swali halijatua.

"Kwa nini nyekundu, mama?"

"Yapendeza."

Hapa msomaji anayekula kaa amekwisha kucheka. Kaa koko akiwa hai ana rangi ya tope. Akichemka sufuriani huwa mwekundu mwili mzima, na namba nyekundu mgongoni mwake huitafuti ukaiona. Lakini Jaffar alikuwa mtoto wa nyumba ambayo kaa haliwi. Alijua kaa anapumuaje, anataga lini, anavua gamba mara ngapi. Kaa aliyepikwa alikuwa hajapata kumtia machoni.

Kwa hivyo Kache aliwahesabu kaa kwa uaminifu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili akamla mmoja. Siku za sherehe, wawili. Daftari likajaa maneno "hajaonekana tena", na Jaffar, badala ya kushuku, akafurahi. Alikaa akaandika kurasa arobaini kueleza jinsi kaa wakubwa wa Port Reitz wanavyohamia bahari kuu. Alipomsomea, Kache aliona haya kidogo, lakini si haya ya kumkosesha chakula.

Ndipo ikaja barua. Bi Pascalia, msimamizi wa Mfuko, angefika kuikagua kazi. Akiridhika, fedha zingetoka za miaka mitatu, na mikoko inayofanyiwa utafiti isingekatwa. Asiporidhika, kipande kile chote kingekwenda kwa Boga, mfanyabiashara wa boriti, ambaye tayari alikuwa akipita akiipiga miti alama ya panga. Kache alikuta alama moja kwenye mkoko uliosimama juu ya shimo la mamake. Mikoko ikikatwa tope hukauka, na tope likikauka shimo hufa.

"Mgeni tutampa chai na mahamri, basi," Jaffar akaagiza. "Asije akasema twafanyia karamu fedha za utafiti."

"Atoke Nairobi yote hiyo, umpe mahamri aende zake? Wataka watu waseme nini?"

"Mama Kache, tafadhali."

"Haya, nimesikia," akasema Kache, na kweli alikuwa amesikia.

Siku ya ugeni, maji yalipokupwa asubuhi, alikwenda shimoni kwa mamake na fimbo yake yenye ndoano, akatoa kaa wanne wakubwa, magando yao kama ngumi. Walikuwa wamegandwa na tope. Aliwatazama kama wana namba nyekundu, hawakuwa nayo, moyo ukatulia. Akamkabidhi jirani yake Florence awapike kwa nazi. Florence aliwaosha juu juu, maana gari la mgeni lilikuwa limeshasikika barabarani.

Bi Pascalia alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, na alipoona kaa nyumbani kwa Kache alisahau mahamri. Alivunja, akafyonza, akasifu. Jaffar alikaa ameelekeza uso dirishani, kama afanyavyo daima kaa wanapoliwa. Kaa wa tatu alipogeuzwa, mgeni alisita.

"Bwana Jaffar, huyu ameandikwa sitini na moja."

Namba ilikuwa nyeupe, imejionyesha juu ya gamba kama chaki ubaoni. Jaffar aligeuka, akainama, miwani ikamteleza.

"Mbona ni mwekundu?" akauliza.

"Kaa akipikwa si huwa mwekundu?" akasema Florence, asiye na habari.

Jaffar akalitazama gamba. Akaitazama chupa ya rangi nyekundu iliyokuwa dirishani. Akamtazama Kache, na miezi minane yote ikampita usoni.

"Mama Kache," akasema polepole. "Ulisema yapendeza."

Bi Pascalia hakuwa mjinga. Aliweka gando chini. "Umewala wangapi?"

Kache angeweza kumsingizia Florence. Lakini mlangoni pale alipokaa aliuona mkoko mwingine wenye jeraha la panga, na akajua kwamba uongo mmoja zaidi ungemletea Boga na watu wake.

"Thelathini na wanane," akasema. "Namba zao zote nazijua kwa kichwa. Hawakwenda bahari kuu, mwanangu. Walikuja hapa." Akajigusa tumbo.

Jaffar alivua miwani. Kurasa arobaini zilikuwa zimeliwa na wali.

"Umeharibu kazi ya miezi minane mizima, mama," akasema Bi Pascalia bila kucheka, na Kache alitamani tope limmeze. "Lakini huyu si wako. Nyeupe ni ya wapi?"

Jaffar akafungua daftari. "Mtongwe. Mwezi wa sita." Akanyanyua uso kuelekea majini, ambako meli ya mizigo ilikuwa ikipita kwenye mkondo. "Wallahi, amevuka!"

"Au aliletwa ndani ya gunia. Mmoja hatoshi. Nionyesheni alikotolewa."

Kache alimkumbuka mamake akimnong'oneza njia, tawi kwa tawi, siku tatu kabla hajafa. Akaukumbuka na ule mkoko wa shimoni wenye alama ya panga. Mwishowe akaifungua leso yake ya kichwani.

"Nitakuonyesha wewe peke yako," akamwambia mgeni, "na utafungwa macho."

Florence huapa mpaka leo kwamba alimwona msimamizi wa Mfuko, miguu mitupu, akizungushwa mkoko mmoja mara tatu.

Shimoni, Kache alimfungua leso. Aliona kama amemvua mamake nguo mbele ya mgeni, na machozi yakamtoka waziwazi. Akaingiza fimbo, akavuta kaa, akampangusa tope: nyeupe, arobaini na nne. Akavuta wa pili: nyeupe, sabini. Bi Pascalia akaangua kicheko kilichorusha ndege, akaandika namba zile kiganjani. Kisha akaichukua leso, akajifunga macho mwenyewe.

"Nirudishe, mama," akasema. "Mimi sijaona njia."

Barua ya Mfuko ilifika mwezi wa kwanza, mwaka uliofuata. Fedha zilikuwa zimekubaliwa, za miaka mitatu, na Boga akapeleka panga lake kwingine. Jaffar alimsomea Kache taarifa ya kaa waliovuka. Pale palipotakiwa jina la mahali paliandikwa: panajulikana na mtafiti wa Port Reitz.

"Mtafiti ndiye nani?"

"Si wewe, mama?"

Kache akaomba asomewe tena, akasikiliza amefumba macho.

Vifaa vyote walivyoomba vilikuwa vimepitishwa, buti, mizani, mashua ya kukodi. Palikatwa mstari mmoja tu, ule ambao Kache alikuwa ameusisitiza: rangi nyekundu, chupa ishirini. Pembeni Bi Pascalia aliandika kwa mkono, "Nyeupe. Na anayeliwa aandikwe."

Jaffar akapiga mistari, akaongeza safu mpya daftarini, "Walioliwa". Jumapili ya kwanza Kache aliijaza mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopinda: Namba mia na tatu. Mtamu.